Sauti Iliyovuka Mipaka



Tarehe 18 Aprili 1929 redio ya Berlin ilitangaza opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa, kuhusu Vasco da Gama, Mreno yule yule aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Aliyeimba nafasi ya Vasco alikuwa Joseph Schmidt, Myahudi wa Bukovina mwenye umri wa miaka 25 na sauti ya tenori, ile sauti ya juu ya kiume. Kimo chake kilikuwa kama mita moja na nusu tu, na majumba ya opera hayakutaka shujaa wa kimo hicho jukwaani. Redio haionyeshi kimo. Katika muda wa miaka minne aliimba humo opera zipatazo 38, na Ujerumani nzima ikamjua kwa sikio.

Mwaka 1933 Manazi walishika madaraka, wakawafukuza Wayahudi redioni. Mwezi Mei filamu aliyoiimbia ilionyeshwa Berlin na kushangiliwa, ilhali mwenyewe hana kazi tena. Akahamia Vienna. Mwaka 1938 Ujerumani ikaitwaa Austria, naye akaenda Ubelgiji; na ni huko Brussels alikopata alichonyimwa siku zote, kusimama jukwaani kama Rodolfo katika La Bohème ya Puccini. Mwaka 1940 Ubelgiji nayo ikavamiwa, akakimbilia Ufaransa.

Ikabaki Uswisi, nchi isiyopigana. Lakini Agosti 1942 polisi wake waliamriwa kuwarudisha mpakani walioingia bila ruhusa, na aliyekimbia kwa sababu ya Uyahudi wake tu hakuhesabiwa mkimbizi wa kisiasa. Schmidt alivuka kwa siri mwezi Oktoba, akawekwa katika kambi ya Girenbad, jimbo la Zurich. Koo likamwuma, akapelekwa hospitali. Aliposema kwamba kifua nacho kinamwuma, alidhaniwa anatega, hataki kurudi kambini. Kila kikosi kinalijua neno hilo. Mgonjwa na mtegaji hulalamika kwa maneno yale yale. Anayewatenganisha ni daktari aliyepima, wala si aliyekisia.

Schmidt alirudishwa kambini. Tarehe 16 Novemba 1942 alifariki kwa maradhi ya moyo katika nyumba ya wageni iliyo jirani na kambi hiyo, akiwa na umri wa miaka 38. Amezikwa Zurich.