Kasuku Mkorofi: Mambo ya Kuzingatia Kabla na Baada ya Kumnunua

Kasuku anayeng'ata na kupiga kelele mara nyingi ni ndege mwenye hofu. Aliyekamatwa porini akiwa mkubwa huwa mgumu kuzoea watu kuliko aliyezaliwa kwa mfugaji. Kwa hiyo, mkazi wa Kilosa au Mikumi anayeuziwa kasuku aulize kwanza ametoka wapi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata ndege wa porini bila kibali. Dai nakala ya kibali na stakabadhi kabla ya kulipa, vikikosekana, usinunue.

Kwa aliye naye kihalali, tunashauri yafuatayo:

1. Usimpige wala kumfokea. Kwake, ukali wako ni jibu, naye atazidisha kelele ili ajibiwe tena. Subiri anyamaze, ndipo umwendee.

2. Kila anapokubali kukanyaga mkono wako, mpe punje ya alizeti au karanga isiyo na chumvi. Mazoezi ya dakika 5 hadi 10, mara 2 kwa siku, yanatosha.

3. Mpatie vijiti vya kutafuna, na utulivu wa saa 10 hadi 12 za usiku.

4. Usimpe parachichi, ni sumu kwake.

5. Akijinyonyoa manyoya, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kasuku wa kijivu aweza kuishi miaka 40 na zaidi. Ukishindwa kumtunza, usimwachie porini. Mwone Afisa Wanyamapori wa wilaya.