Panya Waliolelewa kwa Michezo Wawashinda Wenzao

Wengi hudhani ya kuwa akili ya mnyama hupimwa siku azaliwapo, wala malezi hayaiongezi. Panya wameonyesha kuwa sivyo.

Bwana Donald Hebb, mtaalamu wa Kanada, aliwaacha panya kadhaa walelewe nyumbani kwake na binti zake, wakitembea watakako. Kisha walijaribiwa pamoja na wenzao waliokulia matunduni, watafute chakula katika vijia vyenye vizuizi. Wale wa nyumbani walishinda. Habari hiyo aliitangaza katika mwaka wa 1947.

Baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley, miongoni mwao Bibi Marian Diamond, waliwatenga panya wachanga wa tumbo moja. Mmoja aliishi peke yake katika tundu tupu. Nduguye aliishi na wenziwe katika tundu kubwa lenye ngazi, magurudumu na vitu vya kuchezea vilivyobadilishwa mara kwa mara. Chakula na maji walipewa wote bila kipimo. Baada ya siku 80 bongo zao zilichunguzwa. Mwaka wa 1964 ilitangazwa kuwa tabaka la juu la ubongo wa wale waliocheza lilikuwa nene zaidi.

Tofauti yenyewe ni ndogo, lakini yatosha kumfunza mfugaji. Ndiyo sababu watunzaji wengi wa wanyama wa maonyesho siku hizi huwafichia chakula, wakitafute wenyewe. Tumbo hushiba kwa chakula. Akili nayo yataka kazi.