Kiwavi Asiye na Wapangaji

Mguse kwa kijiti kiwavi wa mlimau naye atachomoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zinazonuka. Usipomgusa, anatafuna tu, hadi tawi libaki uchi.

Majani ni chakula kigumu. Ng'ombe hawezi kuzimeng'enya nyasi bila bakteria wa tumboni, na mchwa naye ana wake wa kumsaidia kula mti. Ungedhani kiwavi ni hivyo hivyo. Mwaka 2017 Tobin Hammer na wenzake walitoa matokeo ya kuchunguza aina 124 za viwavi wa vipepeo na nondo: bakteria walikuwa haba mno, na wengi ni wapita njia waliomezwa pamoja na jani. Viwavi wa nondo wa tumbaku walilishwa hata dawa za kuua bakteria, wakaendelea kunenepa kama kawaida.

Ukiutazama utumbo wenyewe hushangai. Ni bomba fupi lililonyooka, chakula hakikai, na maji yake ni makali kama ya magadi. Kwa viwavi wengi pH hupita 10. Nani apange chumba humo? Kiwavi hufyonza kilicho chepesi ndani ya jani, na nyuzi ngumu huzitoa karibu kama zilivyoingia. Ndiyo maana chini ya mlimau hutapakaa punje nyingi za kinyesi, kama pilipili manga.

Baada ya kula kwa pupa anageuka pupa (hapo Kiswahili kimejichekea chenyewe). Utumbo wa zamani unabomolewa, mpya unajengwa. Anayetoka hana taya za kutafunia, ana mrija, na huyu sasa anapangisha. Kwa vipepeo Heliconius wa Amerika ya kitropiki, bakteria wa kipepeo mzima wanatofautiana sana na wa kiwavi wake. Huko Costa Rica, Alison Ravenscraft na wenzake walipolinganisha wanyonya maua na wapenda matunda, waliona lishe inachangia, lakini hata ndugu wa aina moja hawakulingana tumboni.

Afrika wapenda matunda tunao: Charaxes, wenye mabawa mapana na mruko wa kasi. Maua hawana habari nayo. Watafiti huwatega kwa ndizi zilizoachwa zichachuke, na usipowakuta hapo watafute kwenye kinyesi kibichi njiani, mrija umezama, wanakunywa hamira na bakteria kwa pamoja.