Kazakhstan: Mji wa Mafuta Ulioandamania Gesi

Gesi iliyoiwasha moto Kazakhstan Januari 2022 ni gesi ya mtungi, hii hii tunayopikia mageto. Tofauti ni kwamba kule, hasa mkoa wa Mangystau ulioko magharibi, kando ya Bahari ya Caspian, magari mengi yanatembea kwa gesi hiyo badala ya petroli kwa sababu ilikuwa bei chee. Tarehe 1 Januari serikali ikaondoa bei kikomo. Lita moja ikaruka kutoka tenge 60 hivi (tenge ndiyo hela yao) hadi 120. Kesho yake watu wa mji wa Zhanaozen wakafunga barabara.

Unaweza kusema: bei imepanda, watu wameandamana, kawaida. Lakini Zhanaozen upo duniani kwa sababu ya mafuta tu. Wasovieti waliujenga miaka ya 1960 katikati ya jangwa baada ya kugundua mafuta ya Uzen. Jina lake maana yake ni Mto Mpya, na mto wenyewe haupo. Maji yanaletwa kwa bomba kutoka mto Volga, Urusi. Na mjini hapohapo kuna kiwanda kinachochakata gesi. Yaani mtu anapita mbele ya kiwanda cha gesi akienda kununua gesi kwa bei mara mbili ya juzi.

Serikali ilikuwa na hesabu zake, na tuseme ukweli, hazikuwa za kipuuzi. Bei kikomo ilikuwa chini ya gharama za uzalishaji, kwa hiyo wazalishaji hawakuona sababu ya kuwekeza. Wajanja nao walikuwa wakiinunua ndani na kuivusha mpaka kwenda kuuza nchi jirani kwa bei nono. Matokeo yake gesi ikawa inaadimika. Mwenzetu yeyote wa Uchumi atakwambia dawa ni kuliachia soko. Sawa. Ila wenye mji hawakuulizwa, na walipotaka wao ndio waulize, hawakuwa na pa kuulizia isipokuwa barabarani.

Kwa nini hawakuwa na pa kuulizia? Turudi nyuma kidogo. Kazakhstan ina eneo la kilomita za mraba kama milioni 2.7, karibu mara tatu ya Tanzania, na watu milioni 20 tu. Ilipata uhuru tarehe 16 Desemba 1991. Nursultan Nazarbayev, aliyekuwa kiongozi wa chama cha kikomunisti pale tangu 1989, akaendelea kuwa rais mpaka Machi 2019. Kwenye uchaguzi wa 2015 alipata asilimia 97.7 ya kura. Mwenyewe aliona ni nyingi, akaomba radhi kwa nchi zenye demokrasia iliyopitiliza, akasema hakuwa na la kufanya. Alipong'atuka, mji mkuu ukapewa jina lake, Nur-Sultan, kabla ya kurudishiwa jina la Astana mwaka 2022.

Nisije nikaeleweka vibaya: si kwamba hela yote iliyeyuka. Mwaka 1993 kampuni ya Chevron ilisaini mkataba wa miaka 40 kuchimba eneo la Tengiz. Mwaka 2000 ukaanzishwa Mfuko wa Taifa wa kutunza sehemu ya mapato ya mafuta. Na kuna Bolashak, ufadhili ulioanza 1993, ambao umepeleka vijana zaidi ya 10,000 kusoma vyuo vya nje kwa sharti la kurudi kufanya kazi nyumbani. (Sisi tunaohesabu siku za bumu tumeze mate tu.) Umaskini ulishuka kweli bei ya mafuta ilipopanda. Mafuta yaliposhuka bei, Agosti 2015, tenge ilipoteza karibu robo ya thamani yake kwa siku moja.

Tatizo, nionavyo mimi, liko kwenye namna hela inavyoingia. Serikali inayoishi kwa kodi ya muuza duka lazima imsikilize muuza duka, walau kidogo, maana akigoma itaumia. Kule walipaji wakubwa wanahesabika. Tengiz, Chevron ana nusu, ExxonMobil robo, kampuni ya serikali KazMunayGas asilimia 20, na Lukoil ya Urusi 5. Mafuta yanapita kwenye bomba la zaidi ya kilomita 1,500 hadi bandari ya Novorossiysk, Urusi, na sehemu kubwa ya mafuta yanayouzwa nje hupitia njia hiyo moja. Anayetakiwa kubembelezwa hapo ni mwekezaji na jirani mwenye bandari. Raia wa Zhanaozen hayumo kwenye hesabu.

Na Zhanaozen walishalijua hilo. Mei 2011 wafanyakazi wa mafuta waligoma wakidai mishahara. Mamia wakafukuzwa kazi. Wakakaa uwanjani kwa miezi, hadi tarehe 16 Desemba, siku ya sherehe za miaka 20 ya uhuru, polisi walipofyatua risasi. Serikali yenyewe ilikiri vifo visivyopungua 14.

Kwa hiyo 2022 haikuwa gesi tu. Ndani ya siku chache maandamano yalifika Almaty, mji mkubwa kuliko yote, na watu wakawa wanapiga kelele "Shal, ket!", yaani "Mzee, ondoka!", wakimlenga Nazarbayev aliyekuwa bado anashika Baraza la Usalama. Ofisi za jiji zikachomwa, uwanja wa ndege ukavamiwa. Intaneti ikazimwa. Rais Tokayev akaita majeshi ya washirika yakiongozwa na Urusi, kisha akaamuru kupiga risasi bila onyo. Walikufa watu zaidi ya 200. Baadaye mwezi huohuo Tokayev mwenyewe akanukuu hesabu ya kampuni ya KPMG kwamba watu 162 wanamiliki nusu ya utajiri wa nchi. Kwa miaka mingi alikuwa ndani ya serikali hiyohiyo, akishika uwaziri mkuu na uspika wa Seneti.

Nazarbayev akavuliwa cheo, katiba ikarekebishwa kwa kura ya maoni Juni 2022, na gesi ya Mangystau ikashushwa hadi tenge 50. Chini hata ya bei ya mwanzo! Hesabu za kiwanda hazikubadilika. Na Desemba 2023 wafanyakazi wa kampuni moja ya huduma za mafuta mkoani humo waligoma tena, wakitaka wahamishiwe kampuni ya serikali yenye mishahara ya kueleweka.