Kisu cha kukunja: Fedha nyingi inalipia mpini

MTU anayenunua kisu cha kuwindia cha kukunja huanza kwa kutazama makali. Huyapima kwa kidole gumba, huuliza aina ya chuma, kisha hulipa. Mpini huuona kama urembo tu. Lakini katika biashara ya visu hivi, sehemu kubwa ya tofauti ya bei kati ya kisu na kisu haimo kwenye ubapa. Imo kwenye mpini, na kwenye vipande vya metali vinavyofunika ncha zake, ambavyo mafundi huviita bolsta.

Mfano mzuri ni kisu kiitwacho Buck 110, kilichoanza kuuzwa mwaka 1964 na kampuni ya familia ya Buck iliyokuwa San Diego, California. Kiwanda hicho kilihamia Post Falls, katika jimbo la Idaho, mwaka 2005. Kabla ya kisu hicho, mwindaji wa Marekani aliyetaka kisu cha kutegemewa alibeba kirefu cha kwenye ala, kwa kuwa vingi vya kukunja vilikuwa na tabia mbaya ya kujifunga ghafla juu ya vidole vya mwenyewe. Buck walitia kufuli imara mgongoni mwa mpini, wakaweka ubapa wa inchi 3.75, yaani sentimita 9.5 hivi, mpini wa mti mweusi na bolsta za shaba ya njano. Umbo hilo limeigwa na viwanda vingi sana tangu wakati huo.

Leo kisu hicho kinatoka kwa sura nyingi. Kipo cha mti na shaba kama cha awali, kipo cha nailoni kisicho na bolsta kabisa, na vipo vya pembe na vya vitambaa vilivyogandishwa kwa gundi. Cha mti na shaba na kile cha kawaida cha nailoni hutumia chuma kilekile, kiitwacho 420HC. Yaani mnyama hawezi kujua kachunwa kwa kipi. Anayejua ni mwenye kukibeba: cha shaba kina uzito wa gramu 200 hivi, na cha nailoni ni nusu ya hapo au pungufu.

Bolsta zilikuwa na kazi yake tangu zamani. Mahali ubapa unapozungukia ndipo nguvu zote zinapokutana mtu anapobonyeza kisu kwenye kiungo cha mfupa. Mti au mfupa mtupu ungepasuka pale penye pini. Kwa hiyo mafundi walifunika ncha kwa metali, na metali ikalinda pia mpini usimeguke kisu kinapoanguka juu ya mwamba. Plastiki za kisasa zenye nyuzi za kioo ndani yake zinahimili shinikizo hilo zenyewe, na ndiyo sababu visu vingi vipya havina bolsta.

Shaba ya njano inapendwa kwa sababu ni rahisi kuichonga na kuing'arisha, na rangi yake huendana na mti mweusi. Ila ina gharama zake. Ni nzito, sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 8.5 hivi, mara tatu ya aluminiamu. Jasho, damu na chumvi huifanya ipoteze mng'aro. Ikikaa miezi mingi ndani ya ala ya ngozi huota ukungu wa kijani, kwa kuwa dawa zilizobaki kwenye ngozi baada ya kutengenezwa hushambulia shaba. Wanunuzi wengi hudhani wameuziwa kisu kibovu, kumbe walikihifadhi vibaya. Ala ni ya kubebea, si ya kuhifadhia.

Kiwanda cha W. R. Case & Sons cha Bradford, Pennsylvania, kilichukua njia nyingine. Kisu chake kikubwa cha wawindaji kina bapa mbili, moja yenye ncha kali ya kutumbulia na nyingine pana ya kuchunia. Bolsta zake ni za ile metali nyeupe ambayo Waingereza huiita fedha ya nikeli. Jina hilo lisimdanganye mtu. Hamna fedha ndani yake hata chembe. Ni shaba, zinki na nikeli. Uzito wake haupishani sana na wa shaba ya njano, lakini huchelewa kufifia na haiachi harufu kali mkononi. Kwa mtu anayefanya kazi kwenye nyama na maji kila siku, tofauti hiyo ina maana kuliko mng'aro.

Hata hivyo kisu hicho cha Case, kwa umbo lake la jadi, hakina kufuli. Ubapa hushikiliwa na springi tu. Hapo mnunuzi hana budi kuamua kama anapenda bapa mbili au usalama wa vidole. Kwa mtu anayechuna akiwa amechoka, gizani na mikono inateleza, kufuli ni bora.

Sasa mpini wenyewe. Habari ya mti mweusi wa Buck inafundisha mengi kuhusu biashara hii. Kwa miaka mingi, kile kilichoonekana kama mti mzito wa Asia kilikuwa kwa kweli tabaka nyembamba za mti wa kawaida zilizotiwa rangi, zikashibishwa gundi na kukandamizwa hadi zikawa ngumu kama jiwe. Jina lake la kibiashara lilikuwa Dymondwood, na lilitengenezwa na kiwanda kimoja huko Rutland, Vermont. Agosti 2014 kiwanda hicho kiliteketea kwa moto, na mali ile ikakoma kutengenezwa. Watengenezaji wa visu wakalazimika kutafuta mti halisi.

Buck baadaye walitumia eboni kutoka Cameroon, kutoka kiwanda cha Crelicam kilichoko Yaoundé, ambacho kampuni ya magitaa ya Taylor ya Marekani na washirika wake wa Hispania walikinunua mwaka 2011. Mwanzilishi mwenza wa kampuni hiyo ya magitaa, Bob Taylor, alieleza jinsi wakataji walivyokuwa wakiacha miti chini msituni kwa kuwa ndani ilikuwa na michirizi ya kahawia. Soko lilitaka nyeusi tupu. Kwa hiyo mnunuzi akiona mpini wenye michirizi asidhani ni daraja la chini. Nguvu yake ni ileile.

Kamusi nyingi hutafsiri eboni kuwa mpingo, na hapo wauzaji huchanganya mambo. Mpingo wa Lindi na Kilwa ni mti mwingine kabisa, na kwa kazi ya mpini ni bora zaidi: ni mzito kiasi cha kuzama majini, una mafuta yake ya asili, na haunywi maji kirahisi. Unajulikana zaidi kwa zumari na klarineti, lakini mafundi wa visu wa Ulaya na Marekani nao huusaka. Tangu Januari 2017 biashara yake ya kimataifa iko chini ya mkataba wa CITES, hivyo gogo na mbao ghafi haziwezi kuvuka mpaka bila kibali. Marekebisho yaliyoanza kutumika mwishoni mwa 2019 yalisamehe bidhaa zilizokamilika ambazo mti wake hauzidi kilo 10 kwa shehena moja. Mpini mmoja unahitaji gramu chache tu za mti. Mwenye karakana ndogo na apige hesabu hapo, kisha aulize maofisa wa misitu kabla ya kufunga mzigo.

Mti wowote, hata uwe mzuri namna gani, hupungua hewa ikiwa kavu na kuvimba hewa ikiwa na unyevu. Metali haifuati. Ndiyo maana kisu kilichotengenezwa nchi kavu kikifika pwani, kidole kinaweza kuhisi ngazi ndogo pale mti unapokutana na shaba. Si kasoro kubwa, ila damu hukaa humo.

Mfupa unawahusu wafugaji moja kwa moja. Case hutumia mifupa ya miguu ya ng'ombe wa zebu kutoka Brazil, jamii ileile ya ng'ombe wenye nundu walioko kwetu. Mfupa huchemshwa, hutiwa rangi na kuchongwa mistari ili usiteleze. Katika machinjio mengi ya hapa mfupa huo huo huishia jalalani au kwenye chakula cha kuku. Udhaifu wake ni kwamba hupasuka ukiangushwa, na hauvumilii maji ya moto. Pembe za kulungu hushika vizuri zaidi mkononi kwa ukwaru wake, lakini bei yake iko juu na kila kipande kina umbo lake. Asiyekishika mwenyewe asikinunue.

Nailoni na vitambaa vilivyogandishwa, kama Micarta na G-10, havina maringo. Havivimbi, havipasuki, haviogopi maji. Wawindaji wa majimbo ya kaskazini mwa Marekani, wanaotoka Novemba theluji ikiwa chini, huvipenda kwa sababu nyingine: metali huvuta joto la mkono, na plastiki haivuti. Kwa mchungaji anayetembea kutwa na kisu mkandani, au mchinjaji anayeosha kisu mara kumi kwa siku, hiki ndicho cha kununua, na fedha inayobaki inatosha jiwe zuri la kunolea. Cha mti na shaba kinamfaa anayekitumia mara chache, anayekitunza, na anayetaka mwanawe akirithi.

Dukani, kisu kifunguliwe na kutikiswa ubapa kushoto na kulia, ukicheza, kirudishwe. Ukucha upitishwe pale bolsta inapokutana na mpini. Kikunjwe na kutazamwa kutoka juu kama ubapa umekaa katikati bila kugusa upande. Ribiti zisiwe zimezama wala kuchomoza. Baada ya kazi kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kikiwa wazi, kifutwe hadi ndani ya mfereji, kiachwe kikauke, kisha tone moja la mafuta yasiyodhuru chakula litiwe kwenye pini kabla ya kukunjwa.