Kesi ya Mikopo ya Nyumba Ikitupwa Haimaanishi Benki Imesafishwa

Jaji akiitupilia mbali kesi ya ubaguzi dhidi ya benki, wengi wetu tunaoishi Maryland, Virginia na Washington, D.C. huona kwamba walalamikaji wameshindwa. Lakini aliyefuatilia mahakama za Dar es Salaam au Nairobi analijua pingamizi la awali: kesi huweza kuzimwa kabla shahidi hata mmoja hajapanda kizimbani.

Hapa Marekani nako ni hivyo. Tazama yaliyotokea jirani, Baltimore. Januari 2008 jiji hilo liliishtaki Wells Fargo chini ya Sheria ya Usawa katika Makazi ya 1968. Lilidai kwamba benki hiyo iliwasukumia wakazi Weusi mikopo ghali, nyumba zikapigwa mnada, na jiji likaachiwa majengo matupu na mapato pungufu ya kodi. Mwaka 2009 waliokuwa maofisa mikopo wake walieleza kwa kiapo jinsi wateja walivyowindwa hadi kwenye makanisa ya Weusi.

Hata hivyo, Januari 2010 Jaji J. Frederick Motz aliiondoa kesi. Hakuamua kwamba ubaguzi haukuwepo. Alisema jiji halikuonyesha jinsi hasara yote liliyodai ilivyotokana na mikopo hiyo, ilhali mitaa ile ilikuwa na umaskini na magofu tangu zamani. Akaliruhusu kurekebisha madai.

Jiji likarudi na orodha ya nyumba mahususi zilizobaki tupu, na mwaka 2011 kesi ikaruhusiwa kuendelea. Julai 2012 Wells Fargo, huku ikikana kosa, ilikubali kulipa angalau dola milioni 175 katika shauri la Wizara ya Sheria lililofunguliwa Washington. Madai ya Baltimore nayo yakamalizwa wakati huohuo.

Mwaka 2017, katika shauri kama hilo la jiji la Miami, Mahakama ya Juu ya Marekani ilithibitisha kwamba miji inaweza kushtaki, mradi ionyeshe uhusiano wa moja kwa moja kati ya kosa na hasara.

Kwako wewe mkopaji, hatari kubwa ni muda. Chini ya Sheria ya Usawa katika Makazi una mwaka 1 kulalamika kwa Wizara ya Nyumba ya Marekani, au miaka 2 kwenda mahakamani. Hifadhi makadirio ya mkopo, barua pepe na kila karatasi uliyosaini. Usisubiri mnada ndipo umtafute wakili. Mara nyingi muda huo wa kulalamika huanza kuhesabiwa tangu mkopo uliposainiwa.