Jumba Lako Linakula Umeme Kiasi Gani?

Anayenunua gari huuliza linakunywa petroli kiasi gani. Lakini anayekodi ofisi mjini huuliza kodi, lifti na mahali pa kuegesha magari, basi. Ni nadra aulize jumba lenyewe linakula umeme kiasi gani, ingawa mzigo huo ataubeba yeye, ama kwa mita yake au kwa ada ya huduma.

Wiki hii nataka tuutazame mji wa New York, Marekani. Mwaka 2009 ulipitisha Sheria Namba 84, ukiwataka wenye majumba yanayozidi futi za mraba 50,000 wapeleke kila mwaka hesabu ya umeme, gesi, mafuta na maji yaliyotumika. Mwaka 2016 kiwango kilishushwa hadi futi 25,000. Asiyepeleka hutozwa dola 500 kila robo mwaka, na hesabu hizo hutangazwa hadharani.

Hesabu peke yake haitoshi, kwani jumba la ghorofa 40 lazima litumie kuliko la ghorofa 5. Kwa hiyo huangaliwa ukubwa wa jumba, saa za kazi, idadi ya watu na hali ya hewa, kisha jumba hulinganishwa na mengine ya aina yake. Hupewa alama kati ya 1 na 100; alama 50 ni ya katikati. Tangu mwaka 2020 alama hiyo hugeuzwa herufi na kubandikwa mlangoni. Kuanzia 85 ni A. Chini ya 55 ni D.

Wapo watakaouliza: je, herufi huzima taa? La hasha. Mwenye jumba ndiye awezaye kubadilisha viyoyozi chakavu, lakini mpangaji ndiye mlipaji wa bili. Ya nini basi mwenye jumba afanye haraka? Herufi humpa mpangaji la kusema wanapopatana bei. Hata hivyo, New York iliona aibu peke yake haitoshi. Sheria Namba 97 ya mwaka 2019 iliweka ukomo wa gesi chafu kuanzia mwaka 2024, na kila tani inayozidi ina faini ya dola 268. Bila hesabu za miaka ya nyuma, ukomo huo ungewekwa kwa kubahatisha.

Hapa Kenya, kanuni za mwaka 2012 ziliamuru kila mahali panapotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka pafanyiwe ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu. Ni hatua njema. Lakini ripoti ilipelekwa kwa msimamizi wa sekta, si kwa mpangaji. Pengo ni hapo.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mimi naona tusingoje sheria. Kabla hujatia sahihi mkataba wa ofisi, omba bili za miezi kumi na miwili iliyopita. Mwenye jumba akisita kukuonyesha, umekwisha kupata jibu.